Ijumaa, Saa Nne Kamili

Lamu, Ijumaa asubuhi ina kazi zake: kanzu ipigwe pasi, sokoni uende mapema, na ukiwa na deni dogo dogo ulimalize kabla hujakutana na mwenyewe msikitini. Mimi, Ijumaa ya kwanza ya Septemba 2024, nilikuwa nimejikunyata chini ya ngazi za nyumba ya wageni ninakofanya kazi, Mkomani, simu mkononi, nasubiri saa nne igonge. Hapo chini ya ngazi ndipo waifai inaposhika. Kuta zetu za matumbawe ni nene mno, na ruta iko ng'ambo ya kiwanda, ule uwanja wa ndani ya nyumba. Ukisogea hatua mbili, umekatika.

Saa nne yetu, kwa miezi ile, ni saa sita ya usiku California. Ndipo inapoanza siku ambayo Bandcamp, tovuti ya wasanii kuuza muziki wao, huacha fungu lake na kumwachia msanii. Walianza Machi 2020, wakati korona imefunga kumbi zote. Siku nyingine hukata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua na asilimia 10 kwa vitu vya kushika mkononi, kama sahani za santuri na kanda. Kwa hiyo wasanii wadogo huweka mzigo wao mpya siku hiyo, na sisi wenye maradhi haya tunajua: ukichelewa kwa chai, umeikosa.

Niliyemngoja jina lake sitalitaja, maana hata nikilitaja halitawasaidia. Ni kijana wa Marekani, wa hip hop ya andagraundi, mwenye wasikilizaji wasiojaza jahazi moja. Alikuwa anaachia albamu mpya kwa kanda, kopi 50 tu. Kanda, zile za kaseti, za mkanda wa kahawia.

Nikisema andagraundi nisieleweke vibaya. Dar es Salaam ukiambiwa fulani ni msanii wa andagraundi, maana yake bado hajatoka, anasubiri siku yake. Ninaowapenda mimi ni wale waliochungulia huko nje, wakaona kelele, wakarudi ndani kuandika. Nilianzia karibu na nyumbani: mwaka 2004 binamu yangu alikuja kutoka Mombasa na CD ya kuchomwa ya Kilio cha Haki, iliyowakusanya vijana wa kundi la hip hop la Ukoo Flani Mau Mau, Mombasa na Dandora ya Nairobi pamoja. Ukoo Flani lenyewe ni jina la kufumba: Upendo Kote Olewenu Ombeni Funzo La Aliyetuumba Njia Iwepo. Nililihifadhi kama dua kabla sijajua linasema nini. Baadaye nikamjua rapa Nikki Mbishi wa Dar, nikajifunza kurudisha mstari nyuma mara tatu ili niupate.

Halafu, kwa bahati tu, mgeni mmoja aliyelala kwetu siku nne aliniachia faili za rapa wa Marekani, Roc Marciano, albamu ya 2010 iitwayo Marcberg. Nilidhani simu imeharibika. Ngoma ziko wapi? Kuna biti mle ambazo ni kipande cha muziki wa zamani kinachozunguka tu, na mtu anaongea juu yake kwa sauti ya chini, kama anayekusimulia jambo asitake jirani asikie. Kutoka kwake nikafika kwa rapa mwingine, Ka, wa Brownsville, Brooklyn. Huyu alikuwa kapteni wa zimamoto New York. Kazi yake ilikuwa moto, na muziki aliufanya kwa muda wake na kwa fedha zake, akasimama njiani kuuza CD mkono kwa mkono. Nilipolijua hilo ndipo niliposema basi, mimi sipakui tena vya wizi. Mtu kama huyo unamnunulia.

Kusema ni rahisi. Kununua ukiwa Lamu kuna mambo yake. Sina kadi ya benki. Nina ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa iliyoanza 2022: unaweka fedha kwenye simu, unapewa namba, unalipa. Nilikuwa nimepiga hesabu usiku: kanda dola 12, nauli ya kuileta dola 17. Ndiyo, nauli imeshinda bidhaa, na mke wangu ameshalisemea hilo, msijisumbue. Dola 29, nikaweka shilingi 3,500, nikalala.

Saa nne na dakika moja nikabonyeza. Imekataa. Nikabonyeza tena. Imekataa. Juu ya ngazi meneja ananiita, wageni wa ndege ya asubuhi wameshavuka kutoka Manda, mizigo iko gatini. Nikaitika "naja" kwa sauti ya mtu anayekuja. Nikatazama salio, nikafanya hesabu upya kwa kidole ukutani, ndipo nikaona ujinga wangu: dola ilikuwa karibu shilingi 129. Nilihitaji zaidi ya 3,700. Kosa si la kadi wala la mtu, ni langu. Nikamwandikia binamu, "Nitupie 500, usiulize." Akauliza. Akatuma. Nilipobonyeza mara ya tatu zilikuwa zimebaki kopi tisa.

Sasa anwani. Fomu inataka namba ya nyumba na jina la mtaa. Mkomani nyumba inajulikana kwa mwenyewe, au kwa msikiti ulio karibu, au kwa marehemu aliyeijenga. Niliwahi siku za nyuma kuandika "nyuma ya msikiti, mlango wa kuchonga", na mzigo huo sijauona hata leo. Safari hii nikaandika sanduku la posta la kazini na 80500 Lamu, na pale pa namba ya nyumba nikaweka moja, kwa kuwa lazima uweke kitu. Ikakubali. Nikakimbilia gatini, kanzu bado haijapigwa pasi.

Wiki saba. Za kwanza nne nilikuwa mpole. Albamu yenyewe nilikuwa nayo kwenye simu, maana ukinunua kanda unapewa na ya kupakua, lakini nilijizuia nisiisikilize. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka ifike kwa mashua. Katikati ya Oktoba ikaja habari kwamba Ka amefariki, miaka 52. Agosti tu alikuwa ametoa albamu mpya, nami nilikuwa bado naichambua mstari kwa mstari. Usiku ule nilipanda juu, chini ya makuti, nikaisikiliza yote mwanzo mwisho, spika ikiwa imefunikwa kwa mto ili nisiamshe wageni. Hakuna niliyeweza kumwambia nimefiwa. Ningemwambia nini? Nimefiwa na mzimamoto wa New York?

Karatasi ya posta ilikuja mwisho wa mwezi huo. Kibahasha cha vipovu, kimebonyea pembeni, ndani kanda ya rangi ya samli, namba imeandikwa kwa kalamu: 43 kati ya 50.

Nikasimama nayo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda wakinipita, ndipo likanijia: sina cha kuichezea.

Aliyekuwa na radio ya kaseti ni ami yangu, Langoni. Iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na ilikuwa haijatoa sauti miaka mingi. Nikampelekea salamu na kilo ya halua, maana radio ya mtu mzima haiombwi hivi hivi. Akaniambia, "Ichukue, lakini fundi asiniibie hedi," yaani kile kichuma kinachosoma kanda. Ami anajua kanda. Ana kasha zima: kasida, maulidi, na zile za Kimondo, mashairi ya kampeni ya uchaguzi ya katikati ya miaka ya 1970. Watu wakitunga hapa Lamu, wakirekodi, kanda zikinakiliwa na kupita nyumba kwa nyumba, na upande wa pili ukijibu kwa shairi. Wasiya wa Mabanati pia, shairi la kuwausia mabinti, wa 1974, watu waliusikia kwa kanda. Niliwahi kumwambia kwamba hiyo ndiyo andagraundi yenyewe. Akanitazama tu.

Fundi alipoifungua, mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Alipougusa ukamganda vidoleni, ikabidi ausugue kwa spiriti kwanza, na baadaye akasugua mihimili yote kwa pamba iliyozungushwa kwenye njiti. Pamba ikatoka ya hudhurungi. "Hiyo ni miaka ya watu," akasema. Akajaribu raba bendi ya kufungia noti. Kanda ikazunguka, lakini yule kijana wa Marekani akawa anayumba kama mlevi kwenye dau, mara anajivuta, mara anakimbia. Fundi akacheka mpaka akakaa. Kisha akachakura kwenye sanduku lake la maiti za radio, akatoa mkanda kutoka radio nyingine, ukakaa sawasawa.

Nilidhani tumemaliza. Akasema bado, sauti imefunikwa. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo, ndogo kuliko punje ya mchele, inayoinamisha hedi. Ikikaa upande, zile s na sh zinakufa. Hakuirekebisha kwa kanda yangu, maana hajui inatakiwa isikike vipi. Alitia kanda ya kasida anayoijua tangu utotoni, akazungusha skrubu robo, akarudisha, sikio limelala juu ya spika, mpaka ile "salamu" ikatoka kali na safi. Akatia yangu. Nikasikia mtu yule akivuta pumzi kabla ya mstari wa kwanza. Kwenye simu pumzi ile haipo, nimekwenda kuitafuta. Shilingi 600, na sikuomba punguzo.

Jioni, baada ya isha, nikaipeleka radio kwa ami, tukaketi dakani, pale barazani mlangoni. Nikamwambia nataka kuijaribu. Akasikiliza upande wa kwanza mzima, kofia magotini, bila neno. Ilipokwisha akauliza, "Huyu yuwasema nini?" Nikamweleza nilivyoweza: anamsema baba yake, anasema mtaa, anasema bei ya dawa. Akatikisa kichwa. "Na mbona hayana matari?"

Nikacheka. Nimewasoma watu wengi wanaochambua hip hop hii isiyo na ngoma. Hakuna aliyeifikisha hivyo.

Upande wa pili ulikuwa biti tupu, bila maneno. Nikataka kuzima, akanizuia kwa mkono. Kile kipande cha piano kikazunguka, kikazunguka. Ami akaanza kuhesabu kwa kidole gumba juu ya viungo vya vidole, namna anavyohesabu tasbihi, halafu akaanza kughani polepole, utendi wa zamani, mizani nane, yaani silabi nane, kipande baada ya kipande. Cha kwanza kikakaa. Cha pili kikakaa. Nilikuwa nimeganda, naogopa hata kumeza mate. Cha tatu kikampita: piano ilirudi mwanzo kabla yeye hajafika kwenye kina.

Akanyamaza. Akajaribu tena toka juu, ikamfanya vilevile.

"Hapa mepunguza mbili," akasema, kwa hasira kidogo, kama aliyeuziwa samaki mwenye upungufu. "Mwandikie. Mwambie."

Nikamwandikia kweli, kwa Kiingereza changu cha mapokezi, kwamba ami yangu, mtu mzima wa Lamu, Kenya, ameghani juu ya biti ya pili ya upande B, na anasema pale inaporudi pamepungua mizani mbili. Siku tatu kimya. Ya nne akajibu. Hakuuliza Lamu ni wapi. Aliuliza mizani ni nini, na je, ami anaweza kumrekodia?

Redio ile ina kitufe chekundu cha kurekodi. Fundi anasema kinafanya kazi, ila nimtafutie kanda tupu.