Peremende ya dola sita iliyonigharimu milioni mbili

Naanza na jamaa yangu wa Morogoro, ninayefanya naye kazi ghalani huku Ontario, kwa sababu bila ushauri wake nisingekuwa na cha kuandika. Aliniambia hivi: "Kaka, hizo bangi za kula ni za watoto. Kula, subiri nusu saa, ukiona kimya ongeza." Jamaa huyu anavuta bangi tangu enzi za sekondari, mimi sikuwahi hata kuishika. Nikaona nimepata mtaalamu.

Shida yangu ilikuwa usingizi. Zamu ya usiku inaisha saa moja asubuhi, unafika nyumbani jua limeshawaka, jirani anakata majani kwa mashine, mwili unakataa kabisa kulala. Moshi siutaki, nimekua na pumu. Kanada imeruhusu bangi kwa watu wazima tangu Oktoba 2018, na za kula zikafuata Oktoba 2019, kwa hiyo nikaingia kwenye duka lenye leseni kama mtu anayefuata mkate. Kijana wa mlangoni akataka kitambulisho. Sheria ya Ontario ni miaka 19 kwenda juu. Mimi nina 41 na upara, lakini alikitaka na akakisoma mpaka mwisho. Nikatoka na pakiti ya peremende mbili laini za kutafuna, kila moja ina miligramu 5 za THC, kile kilevi chenyewe. Pakiti nzima hairuhusiwi kuzidi miligramu 10. Dola sita, saba, hapo hapo.

Sasa Jumamosi ile kamati ya harusi ya mdogo wangu ilikuwa inakutana saa kumi jioni ya Dar, yaani saa tatu asubuhi kwangu. Mweka hazina ni mimi. Nilichaguliwa nikiwa sipo, wenye ndugu mnajua inavyokuwa. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana: nasoma michango kwa simu, naaga, nazima, nalala huku peremende inafanya kazi yake.

Saa mbili kasoro robo nikala ya kwanza, tumbo tupu. Ladha ya embe, ila embe ambalo halijawahi kuona mti. Saa mbili na nusu nikajipima. Nikahesabu vidole, nikakodolea macho taa, nikasimama kwa mguu mmoja. Kimya. Nikamkumbuka mtaalamu wangu, nikaongeza ya pili. Na kwa kuwa njaa ilikuwa inauma, nikapasha chapati mbili za jana, zile zinazoacha mafuta mpaka kwenye kiganja, nikala na rosti la maini. Maini! Mbele utaona kwa nini nacheka.

Mjomba akafungua kikao kwa sala. Tukaenda vizuri: ukumbi, mapambo, ugomvi wa kila siku juu ya vinywaji. Ilipofika kama saa tatu na dakika arobaini akasema, "Mweka hazina, tusomee." Nikafungua daftari. "Shangazi wa Korogwe. Ahadi laki tatu, taslimu laki moja." Niliposema "laki moja" nikahisi sauti yangu imetoka kabla mdomo haujafunguka. Nikanyamaza niitafakari hali hiyo. Nikaona nimenyamaza muda mrefu mno, labda saa nzima, watu wazima wananisubiri, ni utovu wa adabu. Basi nikaanza upya, kwa heshima zote: "Shangazi wa Korogwe. Ahadi laki tatu..."

Binamu yangu ananiambia nilimsoma shangazi mara nne. Mara ya tatu nilitua baada ya kila neno. Mara ya nne shangazi mwenyewe, ambaye alikuwa kikaoni kimya muda wote, akafungua kipaza sauti: "Mwanangu, nimesikia. Kesho nalipa." Na kesho yake alilipa. Katika miaka yote ya kamati za ukoo wetu hakuna mweka hazina aliyewahi kukusanya deni haraka hivyo.

Ule upole wa shangazi ukanigusa. Nikaona wema wa binadamu wote, nikaona uzuri wa harusi, machozi yakanitoka mbele ya kamera. Nikatangaza kwamba mimi binafsi, juu ya ahadi yangu ya awali, naongeza milioni mbili. Vigelegele vikapigwa mpaka spika ikakwaruza. Katibu akaandika, na katibu wetu akishaandika hafuti.

Dakika chache baadaye wema wa binadamu ukaisha. Moyo ukaanza kwenda mbio, mdomo ukakauka kama nimebwia unga wa muhogo, nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa ughaibuni na daftari la michango mkononi. Nikazima kamera, nikalala sakafuni, maana sakafu ndiyo pekee iliyokuwa haiyumbi. Nikampigia jamaa yangu. Akasema kunywa maziwa. Nikanywa. Akasema tafuna limau. Nikatafuna, na maziwa na limau vikakutana huko tumboni, mambo yake naomba nisiyaeleze. Akasema oga maji ya baridi. Nikaoga, nikawa mtu aliyelewa, anayetetemeka, aliyelowa. Mwisho akasema jitapishe. Nikajaribu, ikatoka chapati tu. Saa sita mchana, masaa manne na zaidi tangu peremende ya kwanza, bado ilikuwa inapanda! Nililala alasiri, nikaamka saa tano usiku na kiu ya ngamia, na Jumapili nzima kichwa kilikuwa kama kimefungwa kanga.

Jumatatu nikaenda kwa mfamasia wa mtaani kwetu, mama mmoja mtulivu, nikamweleza yote isipokuwa milioni mbili. Hakunicheka. Kwanza akaniuliza natumia dawa gani nyingine, na ndiyo maana nampenda, kwa sababu jamaa yangu hakuniuliza hilo. Halafu akanichorea kwenye mfuko wa karatasi wa dawa.

Ukivuta, THC inaingia mapafuni, inachukuliwa na damu, inafika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Mtu anajua hali yake mapema na anaacha. Ukila, inashuka tumboni, inakwenda utumbo mwembamba, inanyonywa pale, na mshipa unaoibeba hauendi kwenye ubongo. Unaenda kwenye ini. Mimi nikamwambia hiyo ni mizani ya malori ya Vigwaza kwetu Tanzania: hata uwe na haraka gani, lori lazima lipite. Hajui Vigwaza, lakini alivyoielewa mizani akasema ndiyo, ila hii ni mizani ya ajabu. Sehemu kubwa ya mzigo inaharibiwa, kiasi kwamba THC inayofika kwenye damu kama ilivyomezwa ni kama asilimia 4 mpaka 12 tu. Na nyingine ini linaigeuza kuwa kitu kingine, 11-haidroksi-THC, ambacho kinalewesha nacho, na kinapenya kwenye ubongo kirahisi. Ndiyo maana mvutaji mzoefu akila anashangaa: stimu si ile ile, ni nzito na inakaa.

Kwa hiyo ini langu, nililolidharau kwa kula mwenzake na chapati, lililipiza.

Idara ya afya ya Kanada inasema ukila, dalili zinaanza kati ya nusu saa na masaa mawili, nguvu kamili inaweza kuchukua mpaka masaa manne, na inaweza kudumu mpaka masaa 12, mabaki yake mpaka 24. Yaani saa mbili na nusu, nilipokuwa nimesimama kwa mguu mmoja, peremende ya kwanza ilikuwa bado njiani. Jamaa yangu alinipa ratiba ya moshi kwa kitu cha tumbo. Na yale maziwa, limau, maji baridi: kitu kikishanyonywa na utumbo kimeshapita, unaoga bure. Ni kulala pahali salama, maji kidogo kidogo, mtu wa kukaa na wewe, na muda. Mfamasia alisisitiza lakini: kifua kikiuma au mtu akizirai, piga simu ya dharura, na mtoto akila hata kipande, usisubiri dalili. Mimi sina mtoto nyumbani lakini wapwa wanakuja, na kitu chenye ladha ya embe mtoto wa miaka minne hakitofautishi na pipi. Kwangu kinakaa kwenye kisanduku cha chuma, ufunguo naubeba.

Suala la chapati nalo lilinikaa kichwani. THC haipatani na maji, inapenda mafuta. Mlo wa mafuta mengi huchelewesha kilele na huongeza jumla inayoingia mwilini. Nikasema hili nalijaribu mwenyewe, kwa adabu safari hii. Nikachukua daftari lile lile la michango, upande wa nyuma. Wiki ya kwanza nusu ya peremende, miligramu 2.5, na kipande cha mkate mkavu: nikasikia wepesi baada ya saa moja na dakika kumi, nikalala, nikaamka mzima. Wiki ya pili nusu ile ile baada ya wali wa nazi na samaki: saa moja, kimya, saa moja na nusu, kimya, mkono ukaanza kwenda kwenye pakiti wenyewe nikaukalia. Baada ya masaa mawili na robo ikaja, na ikakaa mpaka nilipoamka kichwa bado kizito. Ni mtu mmoja na wiki mbili, si utafiti. Ila mimi na nazi tumeachana siku hizo.

Kuikata yenyewe ni kazi. Kisu kikavu kinaivuta kama lami na nusu moja inakuwa robo tatu. Chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, kata mara moja bila kusitasita.

Yule mama alinikataza pia balungi, kwamba linazuia kimoja cha vimeng'enya vya utumbo vinavyosaga vitu kama hivi. Akanitajia warfarin, ya watu wenye damu inayoganda, kwamba na bangi havikai pamoja bila daktari kujua. Na kuna watu wamezaliwa na kimeng'enya kivivu kwenye ini, THC inawakalia zaidi ya wenzao kwa kipimo kile kile. Jamaa yangu pengine ana ini la trekta, basi anapima wote kwa ini lake.

Anasema pia eti ukila haionekani kwenye mkojo. Jamani! Ini likimalizana na ile ya kulewesha linaacha mabaki yasiyolewesha, na ndiyo hayo vipimo vya mkojo vinatafuta. Yanakaa siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku ni wiki kadhaa, maana THC inajificha kwenye mafuta ya mwili. Huyu ni mtu anayeendesha foklifti. Mimi pia naendesha, ndiyo maana nakula Jumamosi asubuhi tu, zamu yangu inayofuata ikiwa Jumapili usiku. Na sibebi hata chembe kwenye ndege. Kuitoa Kanada ni kosa, na nyumbani ni kosa kubwa zaidi.

Siku nyingine za wiki nimeweka mapazia mazito meusi na nimeongea na jirani, sasa anakata majani alasiri. Kusema kweli mapazia yamenisaidia kuliko peremende. Hayana hadithi tu.

Ile milioni mbili niliilipa kwa awamu tatu, ya mwisho Septemba, wiki moja kabla ya harusi. Juzi mjomba amenipigia. Kuna kamati nyingine Desemba, ya binti wa shangazi wa Korogwe, na wamekubaliana kwa kauli moja kwamba mweka hazina niwe mimi, na ahadi zisomwe asubuhi ya kwangu, saa ile ile.