SGR mpaka Kariakoo na kamera begani

Nilitoka Dodoma na treni ya asubuhi, hii SGR iliyoanza kubeba abiria 2024, zamani ilikuwa ni basi kutwa nzima, unaingia Dar umechoka huna hamu ya kushika kamera, saivi ukisinzia kidogo baada ya Morogoro unashtukia mshafika. Kutoka stesheni nikakata kwa mguu kupitia Gerezani mpaka Kariakoo, jua la Dar mnalijua.

Natengeneza dokumentari yangu mwenyewe, hakuna televisheni wala mfadhili nyuma, kibali nimelipia mfukoni na kamera ya kuazima. Kariakoo imeshapigwa sana na droni, maghorofa, watu kama sisimizi, muziki juu yake basi. Mi nataka kukaa chini na mtu mmoja.

Mtu wangu ni shangazi. Aliuza nyanya miaka mingi Shimoni, chini ya lile jengo la soko alilochora msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lile lenye paa la zege kama miavuli iliyopinduliwa inayokinga maji ya mvua. Julai 10, 2021 usiku soko likaungua, wafanyabiashara wakasambazwa masoko mengine, sasa hivi yeye anapanga pembeni ya barabara.

"Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umekuja na hilo dude lako?"

Nikawasha. Anapanga mafungu, nyanya yenye kovu anaigeuza kovu likalalia chini, kuli anapita na gunia la viazi anapiga kelele "mzigo huo!", shangazi anavuta mguu bila hata kuinua macho. Kwangu mimi hiyo ndo Kariakoo yenyewe, na wala haiwezi kuonekana kutoka juu.

Nikamuuliza habari za moto. "We piga nyanya kwanza, hayo nitakwambia nikimaliza kuuza." Akauza mpaka saa kumi jioni ndo akaongea, na wala hakuongelea mali, aliongelea mteja wake mmoja wa Tandika, mama ntilie, walionana kila alfajiri miaka na miaka hawakuwahi kupeana namba za simu kwa sababu kesho si wataonana tu, na toka soko liungue hajamuona tena.

Jioni nikamwonyesha vyote kwenye kioo cha kamera. Kipande cha deni la vikoba akasema toa, nikakifuta palepale mbele yake. Cha mteja wa Tandika akasema kibaki, tena nitaje na mtaa anaouzia siku hizi, huyo mama akiiona ajue pa kumfuata.