Tangi bado halina samaki
Wiki ya 5 leo na tangi langu bado ni maji tu na filta inanguruma, kila anayepita anauliza samaki wako wapi, namwambia ngoja kwanza wajae bakteria wanaosafisha sumu ya uchafu wa samaki. Natia amonia kidogo, ndo sumu yenyewe ya uchafu wa samaki na ndo chakula cha hao bakteria, napima, naandika. Wiki ya 3 nitraiti, ile amonia inayogeuzwa na bakteria, ilipanda mpaka kile kichupa cha kupimia kikawa zambarau iliyokolea kabisa, nikabaki nakitazama pale dirishani maana hiyo ndo sumu inayomaliza samaki kimyakimya. Jana sasa, saa 24 baada ya kutia amonia, amonia 0, nitraiti 0, nitreti, hatua ya mwisho isiyo na sumu kali, ndo imepanda, jamani nilifurahi! Kesho nabadilisha maji, natia yaliyotolewa klorini, sponji ya filta siigusi, ndo wanakoishi hao bakteria. Halafu samaki wawili watatu kwanza.