Nilivyoling'oa swali la "Una uhakika?"

Ofisi moja ya klieringi, yaani ya kuwatolea wateja mizigo forodhani, karibu na bandari ya Kilindini, Mombasa, iliniita niitengenezee upya programu ya mafaili ya mizigo. Mwenye ofisi alilalamika kwamba makarani wake hawako makini: namba za kontena zinaingizwa vibaya, mafaili yanafutika, na mzigo ukichelewa bandarini gharama zinamwangukia yeye. Kabla sijagusa chochote, niliomba kiti nikaketi nyuma ya makarani kuwatazama wakifanya kazi.

Makini wanayo tele. Karani mkongwe wa pale alikuwa na faili mkono mmoja, mteja kwenye simu, na dereva wa lori amesimama mlangoni akingoja karatasi. Kidole chake kilibonyeza "Ndiyo" kabla hata dirisha la "Una uhakika?" halijatulia kwenye skrini.

"Mama, dirisha lile lilikuwa likiuliza nini?"

"Lipi, mwanangu?"

Programu ile ya zamani iliuliza uhakika kila mahali: ukihifadhi, ukichapisha, ukifunga, ukifuta. Swali la kutwa halisomwi tena, mkono hulijibu wenyewe. Halimlindi karani hata kidogo. Linamlinda aliyeitengeneza programu, apate kusema "si tulikuuliza?" Mimi naiona hiyo ni dhuluma, kumbebesha mtu mzigo ambao mashine ingeubeba bila taabu.

Nikaanza na namba ya kontena, kwa sababu pale ulinzi ulikuwepo tayari na hakuna aliyeutumia. Kontena lolote linaloshushwa Kilindini lina herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho, ambayo kwa kawaida huchorwa ndani ya kisanduku chake. Ile ya mwisho ni ya ukaguzi, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya ISO 6346. Kila herufi ina thamani yake: A ni 10, B ni 12, na kuendelea, zikirukwa 11, 22 na 33. Thamani ya kila nafasi kabla ya ile ya mwisho huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8, hadi 512, kisha jumla hugawanywa kwa 11. Kinachobaki ndiyo tarakimu ya mwisho, na kikibaki 10 huandikwa 0. Chukua CSQU 305438 3. Jumla yake ni 6185, ukigawanya kwa 11 inabaki 3. Sasa karani akiandika 305348, yaani 4 na 3 zimebadilishana nafasi, jumla inakuwa 6313 na inabaki 10. Tarakimu iliyotakiwa ni 0, yeye kaandika 3. Mashine imeshajua.

Kwa hiyo kisanduku cha namba sasa kinakagua palepale, tarakimu ya mwisho inapoingia. Sikuweka king'ora wala maandishi mekundu ya "KOSA!" Yanatokea maneno haya chini yake: "Namba hii haijakaa sawa, itazame tena kwenye karatasi." Alichokwisha kuandika hakifutwi. Programu inayomfutia mtu kazi yake kwa sababu ya tarakimu moja inaniudhi mno.

Ila hesabu hukamata kosa la kidole tu. Donald Norman, mtaalamu wa Marekani aliyeandika sana kuhusu mambo haya, hutenganisha makosa mawili: mtu anakusudia jambo sahihi na mkono unafanya jingine, au kusudio lenyewe ndilo lisilo sahihi. La pili halina hesabu ya kulikamata. Ofisi ile ilikuwa na wateja wawili wenye majina yanayokaribiana, na faili likifunguliwa kwa mteja asiye wake, kila namba ndani yake itakuwa sahihi. Dawa niliichukua M-Pesa: unapotuma pesa, jina la mpokeaji hukutokea kabla hujamaliza. Nami nikafanya hivyo. Ukiingiza namba ya mteja, jina lake kamili linatokea kwa maandishi makubwa pamoja na mzigo wake wa mwisho, na linabaki juu ya skrini muda wote faili likiwa wazi.

Tarehe zilikuwa rahisi. 03/04 inageuka hapohapo kuwa "3 Aprili", basi.

Kufuta ndiko tulikobishania. Mwenye ofisi alitaka maswali mawili badala ya moja. Nikamwomba anipe nafasi ya kuondoa swali kabisa: karani akibonyeza "Ondoa", faili linaondoka mara moja, na chini panatokea kitufe cha "Rudisha". Likipita bila kurudishwa linakaa siku 30 kwenye sehemu ya vilivyoondolewa, na karani yeyote anaweza kulitoa bila kuomba ruhusa. Alikubali kwa shingo upande. Makarani walilipenda siku ileile, maana waliacha kuogopa programu.

Swali nimelibakiza mahali pamoja, pale tamko la mzigo linapotumwa forodha, kwa kuwa likishaondoka kulirekebisha kuna taratibu zake. Hapo hakuna "Ndiyo" ya kubonyeza. Karani anaandika mwenyewe tarakimu nne za mwisho za namba ya kontena, akizisoma kwenye karatasi iliyo mbele yake.

Sasa nashughulikia simu za vijana wanaosimama yadi huko Changamwe. Namba wanaisoma mlangoni pa kontena juani, vidole vina vumbi, na mtandao hukatika. Ukaguzi lazima ufanyike ndani ya simu yenyewe, na "Rudisha" iwe kubwa, karibu na kidole gumba.