Nilivyoimaliza Billy Bat juzuu zote 20 bila kupotea njiani

Watu kadhaa ninaowajua wanaosoma manga, yaani komiki za Kijapani, walianza Billy Bat wakaiacha njiani, na wote wanataja sababu moja, kwamba hadithi inaanza vizuri kabisa New York ya mwaka 1949 halafu ghafla unajikuta uko na Yuda Iskarioti, ukigeuka uko na maninja wa Iga wanakimbizana na hati ya kukunja, ukigeuka tena uko kwenye teksi Marekani miaka ya hamsini mwishoni, na hakuna anayekuambia hivi vitu vinahusianaje. Mimi nimeimaliza. Na sio kuimaliza tu kwa kufunua kurasa, nimeielewa mpaka nikaweza kumsimulia mtu, kwa hiyo naandika hapa nilifanyaje, maana naipenda hii kazi na inaniuma watu wakiiacha katikati.

Kwanza kwa ambao hawaijui. Anachora Naoki Urasawa, hadithi ametunga pamoja na Takashi Nagasaki, ilitoka kwenye jarida la Morning la wachapishaji wa Kijapani Kodansha kuanzia 2008 mpaka 2016. Kevin Yamagata ni Mmarekani wa asili ya Kijapani, anachora komiki ya popo mpelelezi anayeitwa Billy Bat na komiki inauza vizuri tu. Siku moja wanakuja maaskari kutumia nyumba yake kuvizia mtu kwenye jengo la ng'ambo, mmoja anaiona michoro mezani anasema huyu popo mbona nilishamwona Japani. Basi. Sentensi moja tu ile, na maisha ya Kevin yanaharibika hapohapo, kwa sababu yeye aliwahi kuwa Japani na jeshi la Marekani baada ya vita, alikuwa mkalimani, kwa hiyo inawezekana kabisa alimwona huyo popo mahali, ukutani au kwenye gazeti, akasahau, akarudi Marekani akamchora akijua ni wake.

Hapo ndo iliponishika. Hakuna aliyemshtaki. Hakuna mtu Marekani angejua. Na bado anafunga safari mpaka Japani kumtafuta mwenye popo aombe ruhusa. Hadithi nyingi za wizi wa kazi zinakuwa na mwizi na aliyeibiwa, unajua wa kumchukia ni nani, lakini hapa mwenyewe anayetuhumiwa hajui kama ameiba, anachokitafuta ni ukweli wa kichwa chake mwenyewe, hili wazo nililitoa wapi? Mtu yeyote anayechora, anayeandika, hata anayetunga mashairi ya harusi, anaijua hiyo hofu.

Vitabu nilivipata kwa shemeji yangu anayeishi Brussels, toleo la Kifaransa la wachapishaji Pika. Alipokuwa anakuja likizo nikampigia, akaniuliza, "Shem, hivi si vitabu vya watoto hivi?" Nikamwambia, "Hapana shem, we nibebee tu, utaona mwenyewe." Akabeba za mwanzo, nyingine zikaja taratibu kila akipatikana mtu wa kusafiri. Kifaransa changu ni cha shuleni, kwa hiyo nilisoma polepole na kamusi pembeni, na nadhani huo upole ulinisaidia kuliko ningeisoma kwa lugha ninayoikimbiza.

Nilikwama palepale wanapokwama wengine. Nilikuwa nasoma nikitafuta jibu la swali ambalo kila mtu analitafuta, huyu popo ni nani, ni mungu, ni shetani, ni ugonjwa wa akili wa Kevin? Na kitabu hakikupi. Kila ukidhani umemshika anatokea mwingine anayemwona popo, karne nyingine, nchi nyingine, halafu kuna watu wanauliza uliyemwona ni mweusi au mweupe, unazidi kuchanganyikiwa. Nikaweka kitabu pembeni nikachukua daftari, nikajiambia swali la popo liache kwanza, uliza kitu kinachoweza kujibika: kwenye sura hii kalamu iko mkononi mwa nani?

Nikachora safu. Hadithi iko mwaka gani, nani anachora kwa mkono wake, jina la nani ndo linajulikana kwa umma, popo amekaaje kwenye huo mchoro. Kila nikimaliza sura najaza. Aisee! Vitu vilianza kujipanga vyenyewe. (Kama hujasoma na hutaki kujua chochote ruka aya inayofuata, ingawa sitasema mwisho.)

Kevin anaondoka kwenda Japani, komiki inabaki mikononi mwa msaidizi wake Chuck Culkin. Sawa, jina moja limetoka jingine limeingia. Lakini ukienda mbele unakuta kuna mtu mkubwa, tajiri, mwenye kampuni na bustani ya michezo ya Billy Land, anaitwa Chuck Culkin, na kwenye daftari langu safu ya mkono na safu ya jina zikakataa kufanana, kwa sababu yule siyo Chuck tuliyemwona mwanzo, ni mtu mwingine kabisa anayeishi ndani ya jina lake. Na popo wake siyo mpelelezi tena, amekuwa kikatuni kizuri cha kufurahisha familia. Yaani mhusika ameibiwa, jina la mchoraji limeibiwa, na dunia nzima inampigia makofi mwizi kwa dhati kabisa kwa sababu haijui. Huku Japani kuna mzee Zofu Karama naye anamchora popo, na baadaye anakuja Jackie Momochi anayemsaidia Kevin, kisha kijana Kevin Goodman, mchoraji mwenye jina la kwanza hilohilo. Bila daftari hawa watu wanakuwa msururu wa sura tu. Ukiwapanga kwa kalamu unaona ni mstari mmoja, kila mmoja anaulizwa kwa namna yake utachora kwa ajili ya nani, na utakubali jina lako litumike kwa kazi gani.

Kitu cha pili kilichonisaidia ni kusoma historia yenyewe kabla ya sura inayoihusu, na hapa nitakaa kidogo. Kevin anafika Japani wakati wa tukio la Shimoyama, na hilo sio la kubuni. Sadanori Shimoyama alikuwa rais wa kwanza wa shirika la reli la taifa la Japani, shirika limeanzishwa Juni 1949, nchi iko chini ya Wamarekani, na mpango wa kubana matumizi unataka wafanyakazi wa reli karibu laki moja wapunguzwe. Tarehe 4 Julai orodha ya kwanza ya watu zaidi ya elfu 30 inatangazwa. Kesho yake asubuhi Shimoyama anashuka kwenye gari lake anaingia duka la Mitsukoshi pale Nihonbashi, dereva anasubiri nje, hatoki tena. Usiku wa kuamkia tarehe 6 mwili wake unakutwa relini, njia ya Joban, umekatwa na treni. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakasema treni ilimpita akiwa ameshakufa, wa Chuo Kikuu cha Keio wakasema alikuwa hai. Alijiua au aliuawa, halijamalizwa mpaka leo.

Sasa ukiwa na hayo kichwani halafu ufungue sura hizo, ambapo michoro ya popo inaanza kufanana na mambo yanayotokea kweli, mengine yamechorwa kabla hayajatokea, nywele zinasimama. Kwa sababu Urasawa amechagua tukio ambalo hata kwenye uhalisia mwandishi wake hajulikani. Kifo kina mkono nyuma yake, au hakina, na kila upande unaandika hadithi yake. Nilifanya hivyohivyo kwa Dallas 1963, alipouawa Rais Kennedy, Lee Harvey Oswald aliyeshutumiwa kumpiga risasi yumo, nikafanya na safari ya mwezini ya 1969. Sura za Oswald kwangu ndo bora kuliko zote, anaonyeshwa kama mtu ambaye wengine wanamwandikia maisha yake. Za maninja nilizipita haraka, zina nafasi yake, sio kipande ninachokirudia.

Halafu kuna jambo nililiona nimeshafika katikati, sijui kwa nini halisemwi sana. Billy Bat inaanza Oktoba 2008. Wakati huo Urasawa alikuwa bado hajamaliza Pluto, manga yake nyingine, aliyoianza 2003 na ikaisha 2009, na Pluto imejengwa juu ya hadithi ya Atom, mtoto roboti, ya Osamu Tezuka, marehemu, mtu ambaye Japani ni kama baba wa manga. Ili aichore alibidi aende kuomba kwa familia, na mtoto wa Tezuka, Macoto Tezka, ndiye akasimamia. Kwa hiyo mtu huyuhuyu, mkono huuhuu, anachora mhusika wa mwingine kwa ruhusa, na wakati huohuo anaanza hadithi ya mchoraji anayevuka bahari kwenda kuomba ruhusa. Ukirudi nyuma tena kuna Master Keaton, manga ya zamani aliyoichora Urasawa, jina la mtunzi lililokuwa kwenye jalada ni Hokusei Katsushika, nalo ni jina la kalamu tu, mwenyewe aliitwa Hajime Kimura. Nagasaki naye alianza kama mhariri, baadaye ndo akawa mtunzi mwenza. Sidai kwamba Billy Bat ni maisha yao, ila hawa watu walipoandika kuhusu nani ametunga nini walikuwa wanaandika kitu wanachokijua kutoka mezani kwao.

Na ilinifanya niwaze vya kwetu. Wangapi tuliocheka na Ndumilakuwili na Lodilofa kwenye gazeti la katuni la Sani, Tanzania, tulimjua Philip Ndunguru aliyewachora? Alifariki 1986 bado kijana, wahusika wake wakaendelea na mikono mingine, na sisi tukaendelea kununua. Hao waliofuata walifanya kazi ya heshima, sio wizi, lakini jina lake lilistahili kutajwa kila nyumba iliyokuwa na lile gazeti.

Kama unataka kuanza, soma kwa mpangilio, usiruke juzuu, na majina ya Kijapani yaandike mara tu yanapotokea kwa sababu mtu anaweza kupotea juzuu tatu akarudi mzee. Mtoto anayeitwa Timmy Sanada mwangalie sana tangu siku ya kwanza unayomwona. Juzuu mbili za mwisho zisome ukiwa na muda, hadithi inakimbia sana pale kuliko ningependa, miaka mingi inapita ndani ya kurasa chache, na mimi ilibidi nizirudie zote mbili ndo nikaridhika na wanakoipeleka kalamu. Shem ameshaniahidi Pluto, ni juzuu 8 tu, na hiyo nataka nisome kila sura sambamba na ya Tezuka nione Urasawa amebakiza nini na ameongeza nini cha kwake.