Siku moja maishani mwangu: povu la ini na suali la kidato cha tatu

Saa kumi na mbili asubuhi niko soko la Chake natafuta ini bichi la ng'ombe, kipande tu, leo kidato cha tatu wana praktiko.

Saa moja na nusu skuli, mstarini, matangazo, basi.

Saa tatu maabara. Natia kijipande cha ini kwenye testi tyubu, namimina haidrojeni peroksaidi, povu jeupe linapanda mpaka mdomoni na tyubu inapata moto mkononi, nachomeka kijiti chenye kaa kinawaka tena pwaa, darasa zima likapiga kelele. Hiyo oksijeni imetolewa na katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, na kwenye seli za ini katalesi inakaa ndani ya vijifuko vinaitwa peroksisomu, jina alilotoa Christian de Duve miaka ya 1960.

Kwenye saa nne hivi binti mmoja akanyanyua mkono, "Maalim, hivyo vijifuko seli inavitoa wapi?" Wallahi nilifurahi, nikaacha kila nilichopanga! Nikawaambia njia zipo mbili, ya kwanza kilichopo kinakua kisha kinagawika, lakini ya pili ndo tamu, seli isiyo na peroksisomu hata moja inaweza kuzianza upya, kitu ambacho kwa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, hakiwezekani. Watafiti walichukua hamira, hii hii ya boflo, isiyo na jeni ya PEX3 kwa hiyo haina peroksisomu kabisa, wakairudisha ile jeni, mwaka 2005 wakaonesha protini yake inatokea kwanza kwenye utando wa ER (retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijifereji ndani ya seli), inajikusanya pahala pamoja, pale panachomoza kifuko kinajitenga, protini nyengine zinaingia, tayari peroksisomu. Na 2017 kwenye seli za binaadamu ikaonekana vifuko vya mitokondria vinaungana na vya ER kufanya kazi hiyo hiyo. Yaani utando mpya unamegwa kwenye utando uliopo, haushuki hewani.

Mchana wali na samaki, usingizi kidogo.

Saa kumi tuisheni, yule binti kanisubiri mlangoni. "Na ikishindwa kuzitengeneza?" Nikamweleza ugonjwa wa Zellweger, mtoto anazaliwa na hitilafu kwenye jeni moja ya PEX, zile za kutengeneza peroksisomu, mafuta ya minyororo mirefu sana ambayo peroksisomu zingeyavunja yanajaa mwilini, ubongo na ini vinaumia, wengi hawamalizi mwaka. Akauliza kwa nini wasirudishiwe jeni kama hamira. Nikamwambia mwanangu, kwenye seli za wagonjwa maabara imefanyika na peroksisomu zikarudi, kwa mtoto mwenyewe bado. Akaandika PEX3 kwa wino mwekundu, akataka nimtajie na nyengine zote.