Rejistri klina kwenye kompyuta ya nyumbani? Mi nasema achana nazo

Jamani ngoja niliandike hili hapa, maana kila mara kuna mtu ananitumia WhatsApp picha ya skrini yake imejaa wekundu, imeandikwa mashine yako ina makosa 1,200 bonyeza hapa kurekebisha, af anauliza kaka hii programu ya kusafisha rejistri ni salama nibonyeze? Usibonyeze. Itoe kabisa. Na nataka ujue kwa nini, kwa sababu ukishajua ile kitu inafanyaje kazi hiyo namba nyekundu haikutishi tena.

Rejistri ni sehemu ya Windows inayotunza mipangilio karibu yote, ya Windows yenyewe na ya programu ulizoweka, yaani printa ipi itumike, faili la aina fulani lifunguliwe na nini, kipi kiwake chenyewe ukiwasha mashine. Vinakaa kwenye mafaili machache ndani ya System32\config, na mengine kwenye folda lako mwenyewe, linaitwa NTUSER.DAT. Sasa ukitoa programu mara nyingi inaacha vipande vyake humo, hilo ni kweli kabisa wala silipingi, na hapo ndo wauza klina wanapopatia biashara, wanakwambia hivo vipande ndo vinafanya mashine iwe nzito.

Hapana. Windows ikitaka kitu kwenye rejistri inaenda moja kwa moja kwenye njia yake, haisomi kitu chote toka mwanzo mpaka mwisho. Ni kama daftari la wanachama la chama cha msingi cha kahawa kule Kibosho, karani anafungua namba yako anaandika kilo zako basi, majina ya wazee waliokwisha kufariki yamo humo miaka yote na foleni ya mzani haijawahi kuchelewa kwa ajili yao. Mark Russinovich, yule aliyetengeneza Sysinternals, zana za kuchunguza Windows kwa ndani, aliliandika hili wazi mwaka 2005 kabla hata Microsoft hawajainunua kampuni yake, kwamba uchafu wa rejistri hauna uzito wa kukufanya uone tofauti. Na saivi mashine zina nguvu kuliko za 2005 mara ngapi.

Kwa hiyo faida ni karibu sifuri. Hasara je?

Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu ana steshenari yake huku Majengo, anatengeneza kadi za michango na za send-off, msimu ukifika hapati usingizi. Programu yake ya kadi ilikuwa imewekwa kwenye eksteno, ile diski ya nje ya kuchomeka, kwa sababu laptopu ilikuwa imejaa. Nafika namkuta amekaa tu. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, hebu niangalizie, tangu kijana asafishe hii mashine programu yangu haifunguki, inaniambia haijawekwa. Kumbe siku ya kusafisha eksteno ilikuwa nyumbani, klina ikaona njia kibao zinaelekea kwenye diski ambayo haipo, ikaziita makosa, ikafuta zote. Programu yenyewe ipo nzima kwenye eksteno, lakini Windows haiijui tena, na sidii ya kuiweka upya ilishapotea zamani. Kadi za watu zinasubiri.

Hilo ndo tatizo lenyewe. Klina haijui, inakisia. Ikiona kitu kinaelekeza mahali ambapo saa hiyo hakuna kitu, inahesabu kosa, haina namna ya kujua kwamba umechomoa fleshi, au printa imepelekwa kwa fundi, au folda lipo kwenye kompyuta nyingine ya ofisini ambayo haijawashwa.

Microsoft wenyewe, na zamani walishawahi kuwa na klina yao ikaitwa RegClean wakaachana nayo, wana tamko rasmi kwamba hawaungi mkono matumizi ya hizi programu na kwamba uharibifu wake unaweza kufika mahali ukalazimika kupiga Windows upya. Na kitu wengi hawajui, toka Windows 10 toleo la 1803 la mwaka 2018, ile bekapu ya rejistri iliyokuwa inajifanya yenyewe kwenye folda la RegBack ilizimwa, ukifungua folda unakuta mafaili yana ukubwa sifuri, matupu. Na System Restore, ile ya kuirudisha Windows ilivyokuwa tarehe ya nyuma, kwenye mashine nyingi ninazokutana nazo imezimwa pia. Kwa hiyo unafuta bila pa kurudi.

Alafu kuna hili la nani unamkaribisha. Mwaka 2017 CCleaner, inayojulikana dunia nzima, toleo lake la 5.33 lilitoka kwenye seva za kampuni yenyewe likiwa limeshapandikizwa kirusi, likaingia kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2. Hiyo ni yenye jina. Machi 2024 kampuni za Restoro na Reimage zilikubali kulipa dola milioni 26 Marekani, baada ya serikali kuzishtaki kwa kutisha watu na skani za uongo ili wanunue matengenezo. Sasa hiyo uliyoitoa kwenye tangazo lililoruka ukiwa unapakua muvi, au ya krakidi kutoka kwenye fleshi ya rafiki, ndo utaiamini iguse moyo wa mashine?

Mashine nzito ina sababu zake, na huku kwetu ninazoziona ni zilezile. Laptopu ya mtumba, hard disk ile ya kuzunguka, RAM ya GB 4, vitu kumi vinawaka pamoja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ikifunguka nenda Startup, zima usivyohitaji, hiyo ni bure. Toa programu usizotumia kwa njia ya kawaida ya Windows, washa Storage Sense ifute mafaili ya muda. Mwambie fundi apulize vumbi kwenye feni, kiangazi cha Moshi mnakijua. Na kama una hela ya kutumia, usinunue klina, weka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, aisee hakuna kitu kingine kitakachokufanya uone tofauti namna ile.

Kama umeshabonyeza na mashine imeanza kusumbua, usilete klina nyingine kurekebisha ya kwanza. Jaribu kwanza System Restore, ukikuta kuna tarehe ya kabla ya kusafisha irudishe hapo. Ikigoma kuwaka ipeleke kwa fundi lakini kabla hajapiga Windows mwambie awashe kwa fleshi ya Linux, mfumo mwingine unaowaka bila kutegemea Windows, akutolee picha na makaratasi yako kwenye eksteno, mafaili yako klina ya rejistri haijayagusa, yapo palepale, na fundi akikwambia haiwezekani tafuta mwingine.